Neno «abuela» mbele ya mfasiri

Katika hadithi ya Gabriel García Márquez iliyotolewa mwaka 1972, bibi kizee anamlazimisha mjukuu wake, Eréndira, kuuza mwili wake ili alipe deni la nyumba iliyoungua. Jina la hadithi lamwita bibi huyo «abuela desalmada», yaani asiye na utu.

Anayeifikia kwa njia ya Kifaransa hukutana na «grand-mère», neno lenye mama ndani yake. «Abuela» halina mama. Asili yake ni umbo la udogo la neno la Kilatini «avia», umbo la kubembeleza. Basi sifa ya ukatili imebandikwa kwenye neno la upendo, na hapo ndipo penye uchungu wote.

Je, tufasirije? Tukiandika «bibi yake», msomaji wa Lubumbashi au Bukavu ataelewa mke. «Nkambo» wa Katanga hatofautishi mume na mke. Kwa maoni yetu, «nyanya» ndilo linalofaa: humtaja mwanamke, na huhifadhi ule upole ambao mwandishi anausaliti. Mfasiri akiupoteza upole huo, ameupoteza pia usaliti wenyewe.