Namba ya Behewa, Jina la Dereva

Kwa miezi miwili sasa nimekuwa nikisoma matangazo ya safari ambazo siwezi kwenda. Zilikwisha kabla mama yangu hajazaliwa. Nauli imeandikwa, saa ya kuondoka imeandikwa, mahali pa kukutana pia. Huwa nayasoma usiku kwa simu, bando ikielekea kuisha, na najikuta naharakisha kama mtu ambaye bado anaweza kupata kiti.

Ilianza kama kibarua. Mteja alitaka makala kuhusu tramu za zamani, kisha akanyamaza, na mpaka leo hajalipa. Nikabaki na vijarida. Niliacha chuo mwaka wa tatu, kwa hivyo sina profesa wa kuniambia kwamba hii si mada.

Hawa jamaa ni akina nani? Mwaka 1934, jijini New York, wapenzi wa reli za umeme waliunda chama kiitwacho Electric Railroaders' Association. Mwaka 1937 wenzao wa Uingereza wakaunda Light Railway Transport League. Walichopenda ni kukodi tramu au treni nzima kwa siku moja, mara nyingi Jumapili, na kuzunguka nayo: njia za kawaida, na hata reli za karakana ambako abiria hafikishwi. Wakifika mahali pazuri, wote wanashuka. Dereva anarudisha gari nyuma, kisha analileta tena mbele wakipiga picha. Wanapanda, wanaenda kurudia hayo hayo mbele. Kama umewahi kuona vijana wakisubiri nganya mpya itoke gereji, unawajua hawa watu tayari.

Kila safari iliacha maandishi mawili: tangazo kabla, ripoti baadaye. Mimi nayasoma kama fasihi, na hukumu yangu ni kwamba tangazo linaishinda ripoti. Tangazo lina wasiwasi ndani yake. Nani atakuja? Watu wakipungua, pesa ya kukodi itamwangukia nani? Gari lililoahidiwa litakuwa zima siku hiyo? Mistari michache tu, lakini unasikia mtu anayetaka kitu na anaogopa kukikosa. Ripoti nayo ni kavu kama risiti: namba ya behewa, saa, kituo, njia panda ya reli, saa ya kurudi. Hakuna anayekuambia alifurahi.

Huo ukavu ulinichosha, mpaka nilipoanza kusoma matoleo kwa mfululizo, nikiwa na tarehe za kufungwa kwa njia kando yangu. Reli ya juu ya Third Avenue, upande wa Manhattan, ilifungwa mwaka 1955. Tramu ya mwisho ya jiji hilo, iliyokuwa ikivuka daraja la Queensboro, ilikoma Aprili 1957. Jarida la tawi la New York la kile chama lilianza mwaka 1958. Yaani lilizaliwa mwaka mmoja baada ya msiba. Reli za chini ya ardhi zilikuwepo bado, na kazi ya kuandika ilikuwa nyingi, lakini kuaga kulikuwa hakujaisha. Mwaka 1969 ilifungwa reli ya juu ya Myrtle Avenue, Brooklyn, ya mwisho jijini kutumia mabehewa ya mbao.

Ukishajua hayo, orodha ya namba haisomeki tena kama risiti. Nyanya yangu matangani hukaa pembeni akihesabu wajukuu waliofika, mmoja mmoja, kwa majina. Hasemi kwamba anaumia. Anahesabu. Mwandishi anayeandika namba ya kila behewa lililobaki anafanya kitu kama hicho, na nadhani anajua.

Kuna safari moja ambayo ilizidi maandishi. Agosti 1948, wanachama wa ile League walikodi tramu za Southampton, kusini mwa Uingereza, kwa safari ya kuaga. Mojawapo ilikuwa namba 45, iliyoundwa mwaka 1903, wazi juu bila paa. Abiria wa juu walikaa wakipeana migongo, kwa sababu tramu ilipaswa kupenya chini ya tao la lango la kale la mji, Bargate, na tao lilikuwa fupi. Siku hiyo wakasikia kwamba tramu hizo zinaenda kuvunjwa. Wakachanga, wakainunua namba 45 kwa pauni 10. Hawakuwa na pa kuiweka! Ilihifadhiwa hapa na pale kwa miaka, lakini kutokana na ununuzi huo wa ghafla kikazaliwa chama cha makumbusho mwaka 1955, na baadaye makumbusho yenyewe huko Crich, Derbyshire, ndani ya machimbo ya mawe yaliyoachwa. Tramu za umeme zilianza kubeba wageni huko mwaka 1964. Namba 45 ipo mpaka leo.

Kwa hivyo siwacheki. Watu waliotoka kwenda kupiga picha walirudi na tramu. Wakosoaji wangapi wamewahi kuokoa kitu wanachokiandikia?

Lakini nina ugomvi nao. Ripoti ya safari ina nafasi ya mwaka ambao gari liliundwa, kiwanda kilicholiunda, aina ya mota, hata rangi iliyobadilishwa. Dereva akipata nafasi, basi ni mstari wa shukrani mwishoni. Mtu aliyefanya kazi Jumapili, akarudisha gari nyuma mara kumi ili wengine wapige picha, anabaki "dereva wetu".

Na swali la nani anaendesha halikuwa dogo. Agosti 1944 tramu za Philadelphia zilisimama kwa siku kadhaa kwa sababu wafanyakazi wazungu waligoma. Wafanyakazi wanane weusi walikuwa wameanza kufunzwa kuendesha tramu, basi. Hilo ndilo kosa. Vita vilikuwa vinaendelea, viwanda vya silaha vinahitaji watu kazini, kwa hivyo Rais Roosevelt akatuma jeshi. Mgomo ukavunjika na wale wanane wakaendelea na mafunzo. Sasa chukua hiyo historia uitie ndani ya ripoti ya safari. Itakaa wapi? Hakuna safu yake.

Mtu ataniuliza: kwani hawa walikuwa wanahistoria? Hapana, walikuwa watu wenye hobi na Jumapili moja ya mapumziko. Lakini magari yalipovunjwa, wao ndio waliobaki na kalamu. Usichokiandika wewe uliyekuwepo, anayekuja baadaye na simu yenye bando kidogo hatakipata popote.

Na hapa ugomvi unarudi nyumbani, kwa sababu mjomba wangu alikuwa makanga. Kuna picha ya nganya yake ambayo mashabiki wa matatu bado wanatumiana. Wanajua jina la gari, njia yake, aliyelichora ubavuni, mwaka lilipotolewa barabarani. Mlangoni kuna mkono umeshika chuma, mwili umekatwa na ukingo wa picha. Nilimwonyesha mwezi uliopita. Akavuta simu karibu na macho, akacheka.

"Hiyo mkono ni yangu," akasema.

Hakuna kati ya mashabiki wale anayejua jina lake. Hata mimi, mwandishi, nilikuwa sijawahi kumuuliza kuhusu miaka hiyo. Nilikuwa busy kusoma kuhusu Brooklyn.

Nimenunua daftari. Safu ya kwanza ni jina la dereva, ya pili ni makanga, ya tatu ni gari. Mjomba ndiye mstari wa kwanza. Aliniangalia nikiandika, kisha akaninyang'anya kalamu.

"Mbona gari umeiweka mwisho?" akaniuliza. "Andika ilikuwa Isuzu. Na ule muziki tulifunga sisi wenyewe, tulikesha siku mbili."

Nikaandika vyote.