Nyuzi Tatu Zilizopotea

Kunyanyua gari ni kazi ya asubuhi moja. Springi fupi zinatoka, ndefu zinaingia, shokapu zinabadilishwa, na ikifika saa sita Land Cruiser mkonga limesimama juu, limependeza, mwenyewe analipiga picha. Kazi ninayotaka kuisifia huanza baada ya hapo: kuyarudisha magurudumu ya mbele kwenye mstari wake. Kazi hiyo nimeiona ikifanywa Lugoba kwa utulivu ambao sijaukuta kwenye gereji nyingi zenye sakafu ya vigae.

Lugoba ipo kwenye barabara kuu ya Chalinze kwenda Segera, kabla hujafika Msata. Watu wa Dar es Salaam wanaijua kwa mawe. Kokoto nyingi za maghorofa yao zimetoka kwenye machimbo ya huku, na matipa hayaishi barabarani. Anayeishi na kufanya kazi upande huu ana sababu ya kutaka gari la juu. Panda hadi Mandera, ukate kulia kuingia njia ya Miono na Mkange kwenda Saadani, hifadhi ya taifa inayofika hadi ufukweni, utaona masika inavyochimba mifereji miwili ya magurudumu na kuacha tuta katikati. Tuta hilo ndilo linalokwangua difu. Kwa hiyo watu wananyanyua. Wengi huongeza inchi mbili, yaani sentimita 5, na kwa njia hizi kiasi hicho kinatosha kabisa. Anayeongeza inchi nne kwa ajili ya Mkange ananunua matatizo kwa fedha yake mwenyewe.

Sasa tazama kinachotokea chini. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilianza kuuzwa mwaka 1984, na zile za kazi nzito zilikuwa na springi za mabapa mbele na nyuma. Mwaka 1999 Toyota iliziwekea springi za koili mbele. Ekseli ilibaki kuwa nzima, ila sasa inashikwa na mikono miwili ya chuma inayotoka kwenye chasisi nyuma yake, pamoja na rodi moja ya mshazari inayoizuia isiende kando. Ukiweka springi ndefu, chasisi inapanda na ekseli inabaki chini, kwa sababu ekseli imekalia magurudumu na magurudumu yamekalia ardhi. Ile mikono, ambayo mwisho wake wa nyuma umefungwa kwenye chasisi, inainuliwa kwa nyuma. Mkono wenye urefu wa mita moja ukiinuliwa sentimita 5 upande mmoja, unazunguka karibu nyuzi 3. Na ekseli iliyofungwa kwenye mkono huo inazunguka nao, ikiinamia mbele.

Nyuzi 3 hizo hazionekani kwa macho. Mwenye gari anaweza kulizunguka kutwa nzima asione kitu. Lakini ndizo zilizokuwa zikimrudishia usukani kila alipomaliza kona. Mtu aliyekulia na baiskeli anaijua siri hiyo hata kama hajawahi kuitamka. Uma wa mbele wa baiskeli umelala kidogo kuelekea nyuma, na hiyo ni mojawapo ya sababu za kijana kuweza kuachia mikono kwenye mteremko na baiskeli ikaendelea kunyooka. Gari nalo lina mlalo huo kwenye mhimili ambao gurudumu hugeukia. Mafundi huuita kasta, na kwenye magari yenye ekseli nzima huwa nyuzi chache tu, mara nyingi kati ya 2 na 4. Aliyekuwa na 3 akapoteza 3 amebaki hana kitu. Gari lake litatangatanga kwenye lami, litamlazimisha kusahihisha usukani kila baada ya sekunde chache, na likikutana na shimo kwenye mwendo wa kilomita 70 au 80 kwa saa, ekseli yote inaweza kuanza kutetemeka kushoto na kulia mpaka asimame. Barabara ya Segera si mahali pa kugundulia jambo hilo, basi likiwa nyuma yako na tipa likija mbele.

Fundi niliyemtazama hana mashine ya alaimenti yenye kamera. Ana timazi, pima maji ya mpira, futi, chaki, misumari na daftari. Mwanzo nilidhani atalala chini ya gari mara moja. Badala yake alianza na ardhi. Uwanja wake umemwagiwa vumbi la mawe kutoka machimboni na kushindiliwa, lakini haamini kwamba umelala sawa. Alichukua ule mpira mwembamba uliojaa maji, kijana wake akashika ncha ya pili, wakapima penye gurudumu moja baada ya lingine, kama mwashi anavyopima msingi. Palipopungua aliweka kipande cha bati au bamba la jiwe. Kisha chini ya kila gurudumu la mbele akaweka mabati mawili yaliyopakwa grisi katikati, ili tairi ligeuke bila kung'ang'ania ardhi.

Dereva, kijana aliyekuwa na haraka ya kurudi Dar, alimwuliza, "Mzee wangu, si unarekebisha tairodi tu tukaondoka?"

"Tairodi ya mwisho, mwanangu," akajibu bila kuinua kichwa.

Jibu hilo lina ufundi mwingi ndani yake. Ukianza na tairodi, yaani rodi inayounganisha magurudumu mawili ya mbele, kila utakachokigusa baadaye kitakuharibia ulichokwisha kupima. Kwa hiyo alitangulia kutafuta vinavyocheza. Gurudumu lilinyanyuliwa kwa jeki, akalishika juu na chini akalitikisa, kisha kushoto na kulia, kijana wake akiwa ameweka vidole kwenye maungio. Beringi iliyolegea, kingipini iliyolika, ncha ya tairodi iliyokwisha: kimojawapo kikiwepo, vipimo vyote ni uongo, kwa sababu gurudumu litakuwa pengine kabisa gari likianza kutembea. Nimeona watu wakilipia alaimenti mara kwa mara kwa gari ambalo shida yake ni bushi moja tu iliyopasuka.

Halafu kasta, na hapa ndipo nilipoanza kumheshimu kweli. Alifunga kijiti kwenye madigadi na kuning'iniza timazi kando ya gurudumu, kamba isiguse tumbo la tairi. Akageuza gurudumu nyuzi 20 upande mmoja, akifuata mistari aliyoichora chini, akapima kutoka kamba hadi mdomo wa rimu juu, na kutoka kamba hadi mdomo wa rimu chini. Akaandika. Akaligeuza nyuzi 20 upande wa pili, akapima tena, akaandika. Gurudumu lenye kasta linapogeuzwa huinama, kulia linainama hivi na kushoto linainama vile, na tofauti ya mainamo hayo mawili ndiyo inayofichua ule mlalo usioonekana. Kwenye rimu ya inchi 16, uzi mmoja wa mwinamo ni milimita 7 hadi 8. Tofauti yote ukiizidisha kwa 1.5 unapata kasta. Gari lenye nyuzi 3 litakuonyesha kama milimita 15 kati ya kipimo cha kwanza na cha pili. Hili lilionyesha milimita 2, labda 3. Alipima upya mara mbili kabla hajasema lolote.

Dawa yake ilikuwa bushi zenye tundu lisilokuwa katikati. Zinaingizwa kwa presi kwenye ile mikono miwili, na kwa kuwa tundu limesogea, ekseli inalazimika kuzunguka kurudi nyuma nyuzi kadhaa. Zinatakiwa zielekee upande sahihi. Ukizigeuza, badala ya kurudisha nyuzi zilizopotea unapoteza nyingine tena, na gari linatoka baya kuliko lilivyoingia. Alichora alama ya chaki kwenye bushi na kwenye mkono, akasimama, akauzunguka mkono uliolala mezani, akautazama kama utakavyokaa kwenye gari, ndipo akavuta mtaimbo wa presi. Kwenye Land Cruiser za zamani za springi za mabapa na Land Rover za aina hiyo, kazi hii hufanywa na kabari za chuma kati ya springi na ekseli, na hoja ni ile ile: unene wa kabari ukielekea siko, umekwisha.

Bolti za bushi hakuzikaza. Alizishika tu kwa mkono, akashusha gari likakaa kwa uzito wake wote, akalikanyaga bampa juu chini mpaka likatulia, na ndipo akaingia chini na spana ndefu. Mpira wa bushi ukikazwa gari likiwa linaning'inia kwenye jeki hubaki umejinyonga siku zote gari linapokuwa chini, na haumalizi msimu kabla haujachanika. Wengi wanajua kanuni hiyo. Anayeifuata jua likiwa kali na mteja amesimama juu ya kichwa chake ni wa kutafutwa.

Ile rodi ya mshazari nayo ilikuwa imevuta ekseli pembeni milimita kadhaa, na kwa kuwa hii ilikuwa ya kurekebishika, aliizungusha mpaka magurudumu yote mawili yakawa umbali sawa kutoka kwenye chasisi. Hapo pia aligusa mipira ya breki kuona kama haijavutika, na akamkumbusha dereva juu ya ile valvu ya breki za nyuma inayosoma urefu wa gari. Gari likinyanyuliwa valvu hudhani halina mzigo, ikapunguza nguvu ya breki nyuma.

Ndipo ikafika zamu ya tairodi. Tou, yaani tofauti ya umbali kati ya matairi mawili ukipima mbele na ukipima nyuma, haibadiliki sana kwa kunyanyua gari la ekseli nzima, lakini ikiwa mbovu inakula matairi kuliko kitu kingine chochote. Matairi ya gari kama hili yana kipenyo cha sentimita 80 hivi. Tou ikikosewa kwa milimita 5, kila kilomita moja matairi yale mawili yanaburuzwa kando jumla ya mita 6. Safari ya kilomita 100 ni mita 600 za mpira kusuguliwa pasipo sababu. Pitisha kiganja juu ya tairi la namna hiyo: ukienda upande mmoja linateleza, ukirudi linakukwaruza.

Alipaka chaki katikati ya tairi, akalinyanyua, akalizungusha kwa mkono huku ameshikilia msumari mahali pamoja, na mstari mwembamba ukajichora duara nzima. Tairi lenye rimu iliyopinda kidogo haliwezi kumdanganya, kwa kuwa mstari umechorwa na mzunguko wenyewe. Alipima kati ya mistari kwa mbele, kwenye usawa wa kitovu cha gurudumu, akaweka alama. Gari likasukumwa mbele, mbele tu, kwa sababu ukilirudisha nyuma ulegevu wa maungio unahamia upande mwingine, mpaka alama zile zile zikafika nyuma kwa urefu ule ule. Akapima tena. Tairodi ina nyuzi za skrubu zinazokaza kulia upande mmoja na zinazokaza kushoto upande wa pili, hivyo ukiizungusha inarefuka au kufupika pande zote kwa pamoja. Robo ya mzunguko, kusukuma, kupima. Alimaliza mbele ikiwa imepungua milimita 1 na nusu.

Usukani ulikuwa umekaa mshazari, na hilo alilimaliza kwenye dragi linki, rodi inayotoka kwenye boksi la usukani, bila kuigusa tena tairodi.

Magari ambayo kila gurudumu la mbele linajitegemea, kama Hilux na Prado za sasa, yana habari yake nyingine, maana huko kunyanyua huyainamisha magurudumu yenyewe na kuivuruga tou papo hapo. Yeye hupokea hayo pia, ila huwaambia wenye magari mapema kwamba kuna kiwango ambacho bolti za marekebisho haziwezi kukivuka.

Waliporudi kutoka kulijaribu hadi Msata, dereva alisema bado linavuta kidogo kushoto. Fundi hakukimbilia kurekebisha chochote. Barabara zetu zimeinamia kando ili maji yatoke, na sisi tunaendesha kushoto, hivyo gari zuri kabisa nalo litaelekea huko polepole. Alihamisha matairi ya mbele, la kulia likaenda kushoto, akamwambia akalijaribu upya kwenye kipande tambarare, na aangalie kama mvuto utahama pamoja na tairi. Vipimo vyote vilikuwa vimeandikwa daftarini na namba ya gari, kwa sababu springi mpya hushuka kidogo zikizoea mzigo, na baada ya kilomita kama 1,000 gari lilitakiwa lirudi kupimwa tena kuanzia sakafuni.