Saa Haioni Mguu

Saa ya kuhesabu hatua haijawahi kuona mguu wa mtu. Inachokipata ni mtikisiko wa mkono. Ndani yake mna sensa ya mwendo inayopima mabadiliko ya kasi katika pande tatu, na ukitembea huku mkono ukibembea, vipimo hivyo huchora mawimbi yenye vilele vinavyofuatana. Programu huhesabu vilele. Vikiwa vidogo mno au vikija ovyo, huvitupa.

Ndiyo maana anayekuna nazi, amekaa juu ya mbuzi, anaweza kuzawadiwa hatua ambazo hakuzitembea, huku aliyetoka sokoni na ndoo kichwani, mkono wa saa ukiishikilia, akidhulumiwa alizozitolea jasho. Anayesukuma toroli au kigari cha mtoto naye hudhulumiwa vivyo hivyo. Dawa ni rahisi: saa ivaliwe kwenye mkono unaobembea, au hesabu iachiwe simu iliyo mfukoni mwa suruali, karibu na paja. Hapo huongezi kitu. Unadai chako tu.

Kwa anayetaka kuongeza hatua nyumbani, kuna mbinu inayosifiwa sana ya kubeba vyombo kimoja kimoja kutoka mezani hadi jikoni. Mimi siiamini kwenye nyumba ndogo. Saa nyingi husubiri hatua kadhaa mfululizo kabla ya kuanza kuhesabu, zisije zikamhesabia mtu anayejigeuza kitini. Safari ya hatua nne ikikatika, inaweza isiandikwe kabisa. Afadhali upitie uani, uzunguke, ndipo urudi na sahani yako, hata kama wenyeji watakushangaa.

Simu ndiyo inayolipa. Mwendo wa kukazana kidogo ni kama hatua 100 kwa dakika, kwa hiyo dakika kumi za kumsikiliza shangazi huku ukizunguka nyumba ni karibu hatua 1,000, na shangazi hajawahi kukata simu mapema. Muziki nao uchaguliwe: sebene likichanganya miguu haitulii, lakini taarabu ya kiuno, nyayo zikiwa palepale, haina faida kubwa.

Kisha kuna kufupisha hatua. Kilomita moja kwa hatua za sentimita 70 ni takriban hatua 1,430. Kwa sentimita 60 zinafika 1,670. Umezipiga zote kwa miguu yako, hakuna wa kukushtaki. Ila saa isiyotumia GPS hukadiria umbali kwa kuzidisha idadi ya hatua na urefu wa hatua uliowekwa, mara nyingi kutokana na kimo chako, kwa hiyo itakupa na mita usizozitembea. Kumfunga mbwa saa shingoni ni wizi mtupu, hilo tuliache.

Lengo lenyewe la hatua 10,000 kwa siku, linalowafanya watu wahangaike hivi, lilitokana na biashara: kampuni ya Yamasa ya Japani ilitoa kipimahatua chenye jina la hatua 10,000 mwaka 1965, baada ya Olimpiki ya Tokyo. Utafiti ulioongozwa na I-Min Lee, uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu wanawake wazee wa Marekani, ulikuta kuwa hatari ya kifo hupungua kadiri hatua zinavyoongezeka, kisha hali hutulia kwenye hatua kama 7,500.

Ukitaka kujua saa yako inakupunja au inakupendelea, hesabu hatua 100 kwa mdomo mikono ikiwa huru, kisha 100 nyingine ukiwa umebeba ndoo, ulinganishe.