Uzazi wa Mpango: Mpango wa Nani?

Usemi "uzazi wa mpango" tumeuzoea kupitia UMATI, chama kilichoanza mwaka 1959, na mafundisho yetu ya ndoa yameupokea bila kuuhoji. Twapenda kuuhakiki hapa, kwa kuwa ndani yake mna dhana isiyosemwa: kwamba wapangao ni mume na mke.

Tumtazame mhadhiri msaidizi aliyejenga Mapinga, ambako kiwanja kilikuwa nafuu kuliko mjini. Hutoka alfajiri kuifuata Barabara ya Bagamoyo hadi Dar es Salaam anakofundisha, hurudi usiku. Mkataba wake ni wa miaka miwili. Shahada ya uzamivu, ambayo bila hiyo hapandi cheo, yamdai miaka mitatu au zaidi, nayo ni miaka ile ile ambayo angezaa kwa urahisi. Mtu huyu akiahirisha mtoto, je, amepanga, au amepangiwa?

Kwa haki, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikumsahau. Yampa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo katika mzunguko wa miezi 36, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. (Kumbe hata nafasi kati ya mtoto na mtoto imekwisha kupangwa na karatasi!) Tena yakataza kumwachisha kazi kwa sababu ya mimba. Lakini sheria hiyo hiyo yaruhusu wataalamu kuajiriwa kwa muda maalumu, na mkataba wa namna hiyo ukifika tarehe yake hukoma wenyewe. Mwajiri hana haja ya kulitamka neno mimba, atanyamaza tu. Mama aweza kudai kwamba alikuwa na matarajio ya haki ya kuongezewa muda, ila kuthibitisha ni juu yake, naye yuko nyumbani ananyonyesha.

Baba amepewa siku 3. Hapa sisi Walutheri yatupasa kuona haya, maana Luther, katika kitabu chake juu ya ndoa cha mwaka 1522, alimtetea baba afuaye nepi za mwanawe huku watu wakimcheka, akaihesabu kazi hiyo kuwa tendo la imani. Wahubiri wetu hulikumbuka agizo la kuzaa na kuongezeka, nepi huzisahau.

Serikali nayo imeyumba. Mwaka 1992 ilitoa Sera ya Taifa ya Idadi ya Watu. Mwaka 2018 ikasimamisha matangazo ya uzazi wa mpango redioni na kwenye televisheni. Mara zote mbili hoja ilikuwa idadi. Habari ya mikataba haikuulizwa.

Wala tusijitoe sisi wenyewe. Chuo cha kanisa kinachoishi kwa ada za wanafunzi, kikipungukiwa, huona ni rahisi kufupisha mikataba ya vijana kuliko kugusa jambo lingine lolote. Basi mwalimu wa mafundisho ya ndoa anapomwuliza bibi harusi mtarajiwa anakusudia watoto wangapi, na amwulize pia mkataba wake unakwisha lini. Na ikiwa mwajiri ni kanisa, swali hilo alipeleke kwenye baraza la chuo kabla ya siku ya arusi.