Supa Modo na Kijiji Kilichogeuka Madoido

Katika Supa Modo kuna mahali ambapo msichana wa miaka tisa anaamuru watu wasimame tuli, nao wanasimama. Kila mmoja anaganda na kile alichokuwa akifanya. Mtazamaji aliyekulia kwenye filamu za Marvel anaanza mara moja kutafuta kompyuta imefanya nini hapo. Haikuhitajika kufanya lolote. Ni watu waliojizuia tu, kwa sababu ndani ya hadithi yenyewe wanakijiji wa Maweni wamekubaliana kumfanya Jo, mtoto mgonjwa asiye na siku nyingi, aamini kwamba ana nguvu za ajabu. Mwigizaji anaigiza mwanakijiji, na mwanakijiji anaigiza mtu aliyegandishwa. Mmoja wao akitikisika kidogo, kosa si la filamu. Ni la mwanakijiji asiyezoea kuigiza, na kwa kosa hilo filamu inazidi kuaminika.

Sijui mbinu nyingine katika filamu za Afrika Mashariki iliyogeuza upungufu kuwa nguvu kwa ustadi kama huu. Likarion Wainaina, mwongozaji, alitaka filamu ya shujaa mwenye uwezo usio wa kawaida, katika nchi ambayo bajeti ya filamu nzima haifikii gharama ya dakika chache za Avengers. Badala ya kuiga madoido ya Marekani kwa ubora hafifu, yeye na waandishi wenzake walitunga hadithi ambamo madoido hafifu ndiyo sahihi. Filamu ina dakika 74. Ilitengenezwa na One Fine Day Films, kampuni iliyoanzishwa na Mjerumani Tom Tykwer na Marie Steinmann, pamoja na Ginger Ink ya Nairobi. Ilionyeshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Berlin mwezi Februari 2018, katika kitengo cha filamu za watoto, na mwaka huohuo Kenya ikaichagua kuiwakilisha katika kinyang'anyiro cha Oscar.

Naichambua kwa sababu vijana wa Kitale na Bungoma wanaopenda filamu za kisayansi na fantasia hawaridhiki tena na kujaziwa flashi kwenye duka la muvi. Wanataka kutengeneza za kwao. Simu zina kamera nzuri, programu za kuhariri zinapatikana bure, na mashindano ya drama na filamu shuleni yamewafundisha wengi kupanga tukio mbele ya kamera. Tatizo ni kwamba wengi wanaanzia pale Hollywood inapomalizia: moto unaotoka viganjani, macho yanayowaka, mtu anayepaa juu ya mabati. Moto wa programu ya bure huonekana kama karatasi iliyobandikwa juu ya picha, maana haumuliki uso wa anayeushika, hautupi kivuli ukutani, na moshi wake haufuati upepo unaotikisa nguo zake. Mtazamaji huenda asiweze kuyataja hayo moja baada ya jingine, lakini jicho lake limekwisha kukataa.

Tazama jinsi nguvu ya ajabu inavyojengwa kwa picha. Kwanza unamwona mwenye nguvu akikusudia jambo: uso umekaza, mkono umenyooka. Kisha unaona jambo lenyewe likitendeka. Halafu unaona uso wa aliyeshuhudia. Studio kubwa humwaga fedha zake kwenye picha ya pili. Supa Modo inaifanya picha hiyo ya pili kuwa jambo dogo, kitu kinachosogea mezani au mtu anayeacha kutembea, kisha uzito wote inautupa kwenye ya tatu. Na shahidi wetu mkuu ni Mwix, dada yake Jo, aliyeigizwa na Nyawara Ndambia. Yeye ndiye aliyepanga hila yote. Akimtazama mdogo wake anafurahi naye, na papo hapo anachelea siri isije ikafichuka. Uso mmoja unabeba habari mbili. Hakuna programu ya kompyuta inayoweza kuuza kitu cha namna hiyo, na mwigizaji mzuri anaweza kukitoa akiwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya jiko.

Stycie Waweru, aliyeigiza Jo, anastahili sifa zake peke yake. Mwigizaji mtoto akipewa nguvu za ajabu huwa na mwelekeo wa kuigiza ajabu: macho anatoa, mdomo anaachama. Yeye anaigiza kazi. Anajaribu, anangoja, anajaribu tena kama mtu anayesukuma mlango mzito. Kwa hiyo tunaamini kwamba kuna kitu cha kusukuma.

Jambo la pili ambalo watengenezaji chipukizi hulipuuza ni sheria ya dunia ya hadithi. Mashabiki wa fantasia ni watu wa sheria kuliko mahakimu. Watakubali joka, mzimu na mtu asiyekufa, mradi waambiwe mapema joka linaweza nini na haliwezi nini. Filamu ya kwanza ya kampuni hiyohiyo ya One Fine Day, Soul Boy ya Hawa Essuman, iliyotoka mwaka 2010, ililitimiza hilo vizuri. Abila, kijana wa miaka 14 wa Kibera, anagundua kwamba roho ya baba yake imechukuliwa, na mzimu wa kike, Nyawawa, anampa majukumu saba ya kuikomboa. Ukishasikia saba, unajua safari ina urefu gani na umebakiza nini. Nyawawa mwenyewe hakubuniwa na studio. Ni jina ambalo majirani zetu wa ufuoni mwa Ziwa Viktoria wanalijua, na wako wanaokumbuka usiku wa kugonga masufuria na mabati ili kuwafukuza mapepo hao. Hadithi ilipata sheria zake kutoka kwa watu wanaoishi nazo, kwa hiyo haikuhitaji dakika kumi za maelezo.

Wanuri Kahiu alipita njia nyingine katika Pumzi ya mwaka 2009, iliyofika Sundance mwaka uliofuata. Hapo dunia nzima ni mpya: jamii iitwayo Maitu imejifungia baada ya vita vya maji, jasho na mkojo husafishwa vinywewe tena, na ndoto huzuiwa kwa vidonge. Filamu ilipigwa Afrika Kusini, na Kahiu alirudi kwenye mbinu za miaka ya 1950, za michoro ya mandhari na picha zinazorushwa nyuma ya mwigizaji, ili apate ukubwa bila gharama ya ukubwa. Katika takriban dakika 21 hakuna nafasi ya kueleza yote hayo kwa maneno. Anaeleza kwa vitendo vya mikono: mtu anakinga tone la jasho lake kwenye chupa, na hapo umeielewa siasa yote ya maji. Sisi tunaokunywa maji ya Mlima Elgon na Cherang'any, na tunaoona misitu yake ikipungua, hatuhitaji kufasiriwa tone hilo.

Kizazi Moto, mkusanyo wa katuni kumi uliotoka kwenye Disney+ mwezi Julai 2023, una ufundi wa hali ya juu, na humo Mganda Raymond Malinga amefanya kazi ya kupendeza kwa kuwageuza wachungaji wa ng'ombe kuwa askari wa siku zijazo. Mtazamaji wa Pokot Magharibi au Karamoja atajiona humo. Ila naziona nyingi za katuni hizo zikikimbia mno. Zinafungua dunia kubwa kisha zinaifunga kabla hujakaa.

Hapa ndipo linapoingia jambo ambalo eneo letu limelizoea kuliko wachambuzi wa Nairobi wanavyodhani. Bungoma iko karibu na Malaba na Lwakhakha, na Kitale iko karibu na Suam. Vituo hivyo vitatu vya mpakani vinaelekea Uganda, nchi ambayo msimulizi wa filamu, VJ, ni nyota kama mwigizaji. Upande wetu yupo DJ Afro, ambaye sauti yake ya Kiswahili imewapitisha Wakenya wengi kwenye filamu za Kichina, Kihindi na Kimarekani. Wengine huidharau kazi hii wakiiona ni kelele juu ya filamu ya mtu. Ukiisikiliza kiufundi, utaona inatatua tatizo lilelile la sheria ya dunia. Filamu ya kisayansi ina majina magumu, sayari, mitambo na ukoo wa wafalme usioujua. Msimulizi mzuri humpa kila mhusika jina linaloshikika, huwaweka kwenye undugu unaoeleweka, huyu mjomba, yule shemeji, na hukudokezea hatari nusu dakika kabla haijafika. Anajua pia wakati wa kunyamaza. Sauti ya filamu huteremshwa anapoongea na kupandishwa pigano linapoanza, na asiyejua kuupima mteremko huo huua tukio zima.

Nabwana I.G.G. wa Wakaliga, Kampala, alilielewa hilo kuliko wote. Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 ina helikopta za kompyuta ambazo mtoto angezicheka, na damu yake ni rangi ya chakula iliyotiwa kwenye kondomu. Lakini dunia iliiona ikiwa na sauti ya VJ Emmie ndani yake, akishangilia, akitania, akiahidi makubwa zaidi. VJ Emmie ndiye picha ya tatu. Ni shahidi anayekuambia uipokeeje helikopta ile. Supa Modo imefanya jambo hilohilo kwa njia ya upole zaidi, na sioni kuwa ni bahati tu kwamba mmoja wa wahusika wake, Mike, ni mwenye kibanda cha vidio kijijini.

Sasa chukua mbinu hizi uzilete kwenye hadithi ambayo naamini ndiyo fantasia kuu ya Bungoma isiyopata bado filamu inayoistahili: Mango na nyoka. Katika masimulizi ya Wabukusu, nyoka mkubwa alikuwa akiwamaliza watu na mifugo. Mango aliwaomba majirani, Wabarwa, wamtahiri, wakamwambia amuue kwanza nyoka huyo. Aliingia pangoni nyoka akiwa hayupo, akamvizia, na aliporudi akamkata kichwa. Kichwa kikaruka na kuuma mti, na mti ukanyauka. Kutoka hapo, wanasema wazee, ndiko jando la Wabukusu lilikoanza, linalofanyika hadi leo kila Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili. Matoleo hutofautiana, lakini sheria ziko wazi kama za mchezo wa bao: sharti, pango, pigo moja.

Kishawishi cha kwanza kitakuwa kumchora nyoka kwa kompyuta. Asichorwe. Nyoka huyu aishi kwenye sauti. Trans Nzoia ni ghala la mahindi, na baada ya mavuno hakuna anayekosa mabua makavu. Buruta gunia zito juu ya mabua hayo usiku, magari yakiwa yametulia, rekodi kwa simu iliyofunikwa kitambaa cha kuzuia upepo, kisha punguza mwendo wa sauti kwenye programu hadi iwe nzito. Utapata kiumbe chenye urefu ambao hakuna picha itakayoufikia. Picha ibaki kwa Mango: jicho, kifua kinachozuia pumzi, panga linaloloa jasho la kiganja.

Kishawishi cha pili ni kwenda kupiga picha kwenye mapango halisi ya Elgon. Pango la Kitum linaingia mlimani kiasi cha mita 200, na tembo huingia humo gizani kuchimba chumvi kwa pembe zao, jambo la ajabu kuliko fantasia nyingi. Lakini pango hilo limetajwa pia katika visa vya virusi vya Marburg vya mwaka 1980 na 1987, lina popo, na liko ndani ya hifadhi ya taifa. Si mahali pa kukaa na waigizaji vijana saa sita mkirudia tukio. Pango la filamu ni kitambaa cheusi, ukuta mmoja wa mawe, na taa moja iliyowekwa chini upande wa mlangoni. Nyoka akipita mlangoni, mtu mmoja tu apitishe ubao mbele ya taa: uso wa Mango utaingia gizani kutoka shavu hadi shavu, polepole. Hapo urefu wa nyoka umepimwa kwa muda wa giza.

Kilichobaki ni kichwa kinachoruka. Panga linashuka, kata. Tawi linatikisika kwa kamba iliyofichwa, kata. Mama wa Mango, au yeyote atakayekuwa shahidi wako, anageuka kuutazama mti. Kisha majani yananyauka mbele ya macho yetu, na hili halighushiwi kwa programu: kata tawi, lifunge kwenye mti, weka simu kwenye kiti kisichosogezwa, na upige picha moja moja kwa siku kadhaa, saa ileile, chini ya mwanga uleule, kisha uziunganishe ziwe sekunde tano. Tukio hilo halimngoji mwigizaji, na ndilo litakalochukua siku nyingi kuliko mengine yote, kwa hiyo lianze kupigwa kabla hata Mango hajapatikana.