Bustani ya ugenini: jinsi familia za Kamango zilivyolima Kyangwali kabla ya kurudi Beni

Mume na mke wanaolima ugenini huku wakitazamia kurudi kwao wanakabiliwa na tatizo ambalo mkulima aliye nyumbani halijui, kwa sababu hawawezi kusema watavuna misimu mingapi kabla ya kuondoka, na kila mbegu wanayofukia ardhini ni uamuzi kuhusu tarehe ya safari. Tatizo hilo lilizikuta familia za uchifu wa Watalinga, mashariki mwa teritwari ya Beni katika Kivu Kaskazini, nchini Kongo, baada ya waasi wa ADF kushambulia mji mdogo wa Kamango mwezi Julai 2013. Makumi ya maelfu ya watu walivuka mpaka kuingia wilaya ya Bundibugyo nchini Uganda, wakapokewa katika kituo cha muda cha Bubukwanga, na sehemu yao wakasafirishwa kwa malori hadi makazi ya Kyangwali, karibu na Ziwa Albert.

Neno makazi hapa lina maana yake ya kisheria. Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 na kanuni zake za 2010, mkimbizi hafungiwi kambini, bali hupewa kiwanja cha kujenga na kulima, ingawa hana haki ya kukiuza wala kukikodisha. Katika makazi ya zamani kipimo kilichozoeleka kilikuwa mita 50 kwa 100, yaani nusu hekta, lakini kadiri watu walivyoongezeka kipimo hicho kilipungua, na katika makazi mengi kikafikia mita 30 kwa 30, eneo lisilotimia moja ya tano ya lile la awali. Humo ndimo nyumba, jiko na choo vilipaswa kuenea, kisha kibaki kipande cha kulima.

Mkulima wa Watalinga alizoea mazao ya kudumu, hasa kakao, kahawa na michikichi, ambayo humdai miaka kabla ya kumlipa, kwa kuwa mche wa kakao huanza kuzaa ukiwa na miaka mitatu au minne. Mwenziwe wa nyanda za juu za Butembo na Lubero angekwama kwa sababu nyingine, kwani viazi ulaya na vitunguu majani vinavyostawi kwenye baridi ya mita 1,700 na zaidi havifanyi vizuri katika joto la Kyangwali. Wote wawili walilazimika kuyapanga mazao upya kwa kigezo kimoja, nacho ni muda ambao zao linakaa ardhini. Lenga-lenga, yaani mchicha, huchumwa baada ya wiki tatu au nne. Maharagwe hukomaa kwa takriban miezi mitatu. Mahindi huhitaji karibu minne. Muhogo huchukua mwaka mmoja au zaidi. Mpangilio wenye busara uliweka mboga karibu na mlango, maharagwe na mahindi pamoja katikati, na muhogo pembezoni, kwa sababu muhogo una sifa ambayo mazao mengine hayana, ya kuweza kusubiri ardhini miezi kadhaa baada ya kukomaa, hivyo safari ikiahirishwa chakula kipo, na safari ikifika ghafla jirani anaachiwa.

Mahali palipokuwa finyu zaidi, bustani ya gunia ilitumika, mbinu iliyoenea sana katika makazi ya wakimbizi ya Afrika Mashariki. Gunia la nafaka husimamishwa wima, katikati yake huwekwa mkebe usio na kitako, na ndani ya mkebe hutiwa kokoto, huku pembeni ukizungushiwa udongo uliochanganywa na samadi. Udongo ukifika ukingo wa mkebe, mkebe huvutwa juu taratibu, kokoto zikabaki zimesimama kama nguzo, kisha hujazwa tena, hatua kwa hatua, mpaka gunia linajaa. Nguzo hiyo ndiyo siri ya mbinu nzima, kwa kuwa maji yakimwagwa juu hushuka kupitia kokoto na kusambaa kila upande, ilhali bila nguzo yangelowesha tabaka la juu tu na mizizi ya chini ikakauka. Ubavuni hutobolewa matundu yasiyolingana mstari, ili miche isikingane mwanga, na maji yaliyooshewa mboga au vyombo visivyo na sabuni nyingi hutosha kumwagilia.

Maisha ya namna hiyo yalikuwa ya kubana, na si haki kuyapamba. Mgao wa chakula ulikuwapo, lakini mboga, chumvi, sabuni na kusagisha unga vilihitaji fedha, na fedha hiyo ilitoka kwenye kibarua katika mashamba ya wenyeji au kwenye fungu la mboga lililouzwa sokoni. Kazi ngumu kuliko zote, na isiyosifiwa vya kutosha, ilikuwa ya kulinda mbegu mbele ya njaa. Maharagwe yalifaa zaidi kuhifadhiwa, kwa kuwa maua yake hujichavusha yenyewe na mbegu huzaa zao lilelile, tofauti na mahindi chotara, yaani yaliyopatikana kwa kuzalisha aina mbili tofauti, ambayo yakipandwa tena hupungua mavuno. Mbegu ilikaushwa sana, ikachanganywa na majivu, ikafungwa katika dumu kavu lisilopitisha hewa ili fukusi wasipate nafasi. Familia iliyokula dumu hilo mwezi wa shida ilirudi nyumbani mikono mitupu.

Kuhusu kurudi kwenyewe, mvua ndiyo inayoamua. Eneo hili lina misimu miwili, ule wa kuanzia Machi na ule wa kuanzia Agosti au Septemba, na kati yao kuna nafasi mbili tu zinazofaa kusafiri, Januari hadi mwanzo wa Machi, na Julai hadi katikati ya Agosti, ambapo mavuno yameshaingia, mbegu zimekauka na udongo wa nyumbani haujalowa. Utaratibu salama ulikuwa mmoja wa wanandoa kutangulia kuangalia hali ya usalama na kufyeka, huku mwingine akibaki na kiwanja na kadi ya mgao. Kutangulia huku kulihitajika pia kwa ajili ya kakao, kwani shamba lisilopogolewa huwa na kivuli kizito na unyevu, na maganda huoza kabla ya kuiva. Wakati miti ikirudishiwa afya, maharagwe ya kwenye dumu ndiyo yaliyopandwa na kushibisha baada ya miezi mitatu ya kwanza.

Jeshi la Kongo lilipoanza operesheni Sukola 1 dhidi ya ADF mwezi Januari 2014, wengi waliona wakati umefika na wakaondoka wenyewe, bila usafiri uliopangwa. Tarehe 22 Machi mwaka huo mashua iliyojazwa kupita kiasi wakimbizi waliotoka Kyangwali ilizama katika Ziwa Albert, na zaidi ya watu 100 walikufa. Walikuwa na haraka yenye maana kwa kila anayejua kilimo, kwa sababu msimu wa kupanda ulikuwa umekwisha kuanza. Waliowahi kufika nao hawakuhakikishiwa amani, kwani kuanzia Oktoba 2014 mauaji ya raia yalienea katika teritwari ya Beni, na njia ya kwenda Uganda ikajaa tena.

Maelfu ya watu wa Beni na Butembo wangali wanalima Uganda, na siku ya kurudi wengi watarudi. Wenye mamlaka ya kupanga safari hiyo wanaombwa waitazame kalenda ya mvua kabla ya kalenda ya bajeti, waruhusu mtu mmoja wa kila nyumba atangulie bila kufutwa katika orodha, na katika kila lori watenge nafasi ya dumu la mbegu.