Ufunguo u Mkononi mwa Nani? Siri na Faragha Kutoka Utengano Hadi Rununu ya Mwalimu

Mwalimu mwenzangu, waulize watahiniwa wako waeleze jinsi maudhui ya siri yanavyojitokeza katika kitabu chochote kilichowahi kutahiniwa, nawe utapata jibu lililozoeleka: mwenye siri ni mnafiki, na anayeifichua siri ni mkombozi. Jibu hili halikosi alama, kwa hivyo hatulishuku. Isitoshe, vitabu vyetu vingi vimejengwa juu ya vigogo wanaoficha maovu yao hadi siku ya kuumbuka, na msomaji hufurahia siku hiyo. Hata hivyo, jibu hilo halitoshi. Linachanganya mambo mawili, siri na faragha, na mchanganyiko huo unatuponza darasani na hata nje ya darasa, hususan sasa ambapo nusu ya kazi yetu imehamia kwenye rununu.

Mifano nitakayoitumia nimeichota katika vitabu ambavyo vimekwisha kutoka kwenye orodha ya vitabu teule. Nimefanya hivyo makusudi. Nia ni mtahiniwa asikariri hoja zangu, bali azichukue akazijaribu kwenye kitabu kilicho mbele yake.

Tuanze na neno lenyewe. Faragha tumelipata kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake unahusu utupu na nafasi, hali ya mtu kuwa hana shughuli. Kiswahili kilizihifadhi maana zote mbili: mahali pa kujitenga na watu, na wasaa wa kupumua. Siri ni habari. Faragha ni nafasi ambamo mtu huamua habari zake zimfikie nani, lini na kwa sababu gani. Siri yaweza kuwa ya wezi mia moja. Faragha ina mwenyewe, na mwenyewe ndiye mshika ufunguo. Ukilishika hili, swali la kumuuliza kila mhusika linabadilika. Badala ya kuuliza tu nani anaficha nini, uliza ufunguo u mkononi mwa nani.

Lipeleke swali hili katika Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed iliyotoka mwaka 1980. Maksuudi amewafungia ndani mkewe Tamima na binti yake Maimuna. Tumezoea kulijadili jambo hili chini ya ukandamizaji wa wanawake, nasi hatukosei. Lakini hebu tazama jinsi mwandishi alivyoupanga ufiche. Tamima na Maimuna wamefichwa na ulimwengu wote, lakini hawana faragha hata chembe, kwa kuwa hakuna mlango katika nyumba ile wanaoweza kumfungia Maksuudi. Naye Maksuudi, anayejulikana na mji mzima na anayewinda uongozi, ana faragha tele: hutoka atakapo, huingia atakako, na ya kwa Kazija huyaacha kwa Kazija. Ukuta ni ule ule mmoja, ila kwa mmoja ni gereza na kwa mwingine ni pazia. Mtahiniwa anayeandika tu kwamba Maksuudi ni msiri amekiona nusu ya kinaya hiki.

Mlango unapofunguliwa nako kuna la kuzingatia. Tamima anashikwa na uchungu wa uzazi, Bi Farashuu anaingizwa kumzalisha, na adhabu inawaangukia waliokuwa ndani. Tamima anapigwa na kupewa talaka, Maimuna anautoka ulimwengu wa nyumba ile. Bi Farashuu ameleta msaada wa kweli, maana mtoto hazaliwi kwa maneno. Lakini pia ameleta kisasi chake kwa Maksuudi kilichomkaa rohoni kwa muda mrefu. Je, ni mkombozi? Ningemwonya mtahiniwa asilijibu swali hilo kwa neno moja. Baadaye Kazija anapopanga Maksuudi na mwanawe Musa wakutane chumbani mwake, aliyekuja kwa siri anamkuta mwingine aliyekuja kwa siri. Musa anamwona babake alivyo, na hapo hapo babake anamwona yeye alivyo. Hapa Said Ahmed Mohamed ni mjanja kuliko mwongozo wowote wa riwaya hii: hamruhusu mtu asimame pembeni na taa akiwamulika wenzake.

Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora (2012) inatuletea tatizo la aina nyingine, na kwa maoni yangu ndilo lililo karibu zaidi na maisha ya mtandaoni. Amani ameandika mswada. Hakuuficha, aliutoa mwenyewe ili usomwe na kutathminiwa kwa nia ya kuchapishwa. Mwalimu Majisifu, ambaye mswada ulimfikia kwa kazi hiyo, akaubeba na kuuchapisha kama wake. Kosa hapa halikuwa kusoma. Kusoma aliruhusiwa. Kosa ni kwamba kitu kilichotolewa kwa kusudi moja kilitumiwa kwa kusudi jingine, bila mwenyewe kuulizwa. Majisifu anaposhindwa kuitetea kazi hiyo mbele ya wasomi wa Wangwani, tunaona kwamba maandishi yaliweza kuibwa ila nafasi yalimotungwa haikuibika.

Sasa fungua Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 uone kama hukutani na Majisifu humo. Sheria hiyo, iliyotungwa kulipa nguvu agizo la Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kuhusu haki ya faragha, inadai kwamba habari za mtu zikusanywe kwa kusudi lililo wazi na halali, na zisitumiwe kwa namna isiyopatana na kusudi hilo. Habari za mtoto zinahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Mnamo Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi wao. Naitaja faini hii kwa sababu walimu wengi bado hudhani sheria hiyo ni ya benki na kampuni za simu.

Nije kwenye jambo lililonisukuma kuandika. Kuna mazoea yaliyoenea katika vikundi vya walimu vya WhatsApp. Mwalimu anasahihisha insha, anakutana na sentensi ya kuchekesha, anaipiga picha na kuitupa kikundini. Wenzake mia mbili wanacheka. Picha inahamia kikundi cha wazazi, kisha cha wasiojulikana. Mara nyingi kichekesho ni kosa la sarufi tu, lakini si mara zote. Insha ni mahali pekee ambapo baadhi ya wanafunzi wetu husema yaliyo nyumbani. Mwambie mwanafunzi aandike kisa kinachothibitisha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, naye atakuandikia habari za baba mlevi kwa nafsi ya tatu, akidhani amekwisha kujificha. Mwalimu mzoefu huitambua nafsi hiyo ya tatu ilikotoka. Mwanafunzi ameiandika kwa sababu msomaji ni mmoja, naye ana kalamu nyekundu.

Utasema basi mwalimu huyo ni Majisifu. Hapana, kuna tofauti, nayo inafaa kujadiliwa darasani. Majisifu alichukua maandishi akalifuta jina. Mwalimu wa kikundini analiacha jina, au nambari ya mtihani, au mwandiko ambao darasa zima linaujua, na kinachochukuliwa ni ile nafasi ambamo mwanafunzi alithubutu kuandika. Amani alinyimwa sifa. Huyu hakuwa akitafuta sifa. Hasara yake huonekana katika insha inayofuata, anapoandika kuhusu sherehe ya harusi iliyofana, yenye methali sita na bila mtu hata mmoja ndani yake. Nasi tunamwandikia pambizoni: boresha ubunifu.

Wapo watakaouliza kama basi kila kitu kifichwe. Nawajibu kwa Abdilatif Abdalla. Alifungwa mwaka 1969 kwa ajili ya kijikaratasi Kenya: Twendapi?, akatoka mwaka 1972, na mwaka uliofuata diwani ya Sauti ya Dhiki ikachapishwa. Tungo hizo aliziandika kifungoni kwa siri, kwenye karatasi za chooni. Ufiche huo ndio uliowezesha ukweli kusemwa. Isitoshe, alikuwa mrithi wa mapokeo ya washairi wa pwani ambao tangu zama za Muyaka walijua kutunga kwa fumbo, shairi likapita mikononi mwa watu wote na kueleweka na waliokusudiwa. Fumbo ni kufuli lililofungwa ndani ya lugha yenyewe. WhatsApp nayo, tangu Aprili 2016, hufunga ujumbe kwa namna ambayo aliye njiani hawezi kuusoma. Walimu wengi hutulia wakisikia hivyo. Lakini kufuli hiyo hulinda njia tu. Aliyepokea anaweza kuupiga picha na kuusambaza. Katika fasihi yetu siri ni nadra kuibwa njiani. Katika Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia, Mwelusi ameandamwa na wapelelezi na kutiwa gerezani, lakini anayemuua ni Gege, nduguye.

Mfano wa kinyume ni Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858 au karibu na hapo. Mama mgonjwa anamwita bintiye akaribie na wino na karatasi, ampe wosia. Hakuna hali ya faragha kuliko hiyo, nasi tumekuwa tukiisoma na kuitahini kizazi baada ya kizazi, huku tukibishana na mama huyo kuhusu unyenyekevu wa mke. Je, tumemvunjia heshima? Sidhani. Kuelekea mwisho Mwana Kupona mwenyewe anawaalika wanawake wengine waisome na kuifahamu. Aliufungua mlango kwa mkono wake. Tofauti baina ya utendi huo na insha iliyopigwa picha iko hapo, wala haihusu ubora wa maandishi.

Imebaki maana ya pili ya faragha, ile ya wasaa, na kuhusu hii fasihi yetu iliyotahiniwa haijasema mengi. Tangu ulipoanzishwa mfumo wa NEMIS mwaka 2017, na pamoja nao tathmini ya TPAD ambayo TSC hutaka ijazwe mtandaoni, mwalimu amekuwa karani wa tarakilishi, na aghalabu tarakilishi yenyewe ni rununu yake na data ni ya mfuko wake. Kifaa kile kile kina picha za wanawe, ujumbe wa mkewe au mumewe, alama za Kidato cha Tatu, na mzazi anayeuliza saa nne usiku kwa nini mtoto alipata alama saba kati ya ishirini. Tunalalamika kuhusu muda na tunalalamika kuhusu usiri kana kwamba ni mambo mawili. Lugha yetu iliyaweka katika neno moja. Asiyekuwa na wasaa hawezi kuamua apeleke nini wapi; hutuma haraka, na huko kwenye haraka ndiko orodha ya alama yenye majina yote huishia katika kikundi cha wazazi wote.

Yapo ya kufanya ambayo hayahitaji semina. Alama za mwanafunzi mmoja zimwendee mzazi wake pekee. Kikundi cha kazi kiwe na saa zake, na mwalimu mkuu awe wa kwanza kuziheshimu, maana yeye asipoziheshimu wengine hawathubutu. Tangu 2019 WhatsApp humruhusu mtu kuchagua nani anaweza kumwingiza kikundini. Ni walimu wachache niliokuta wamechagua. Ukitaka insha nzuri isomwe na darasa jingine, mwombe aliyeiandika, na umwambie ni darasa gani. Wengi hukubali kwa furaha. Akikataa, usimuulize sababu.

Kwa watahiniwa, pendekezo la swali la mazoezi, alama ishirini: "Si kila kilichofichwa ni uovu, wala si kila ufichuzi ni haki. Jadili ukirejelea wahusika wanne katika riwaya uliyosoma." Katika kusahihisha, usikubali hoja inayotaja siri bila kumtaja mwenyewe. Atakayeandika kwamba Bi Farashuu alifichua ukatili wa Maksuudi, mpe alama ya hoja. Atakayeongeza kwamba gharama ya ufichuzi huo ililipwa na Tamima, mpe na ya ufafanuzi.